Kidonge cha Bahari Ugenini: Kwa Nini Mpiga Mbizi Huikosa Dawa Iliyo Mbele Yake

Kusi likishika, kati ya Juni na Agosti, boti za wapiga mbizi zinazotoka Nungwi na Kendwa kwenda Mnemba huzunguka ncha ya kaskazini ya Unguja, zikaiacha stara ya kisiwa na kukutana na bahari kuu. Chombo huanza kwenda mrama, upepo hurudisha moshi wa injini ndani, na kabla nahodha hajapunguza mwendo utaona abiria wawili watatu wamekwisha kunyamaza, nyuso zimewapauka, jasho jembamba linawatoka. Ni watu waliosafiri usiku kucha kwa ndege, wamekwisha kulipia mbizi mbili, na dawa waliyoizoea wameiacha nyumbani kwao. Jioni hiyo wataitafuta. Wengi watarudi hotelini mikono mitupu au na dawa isiyofaa, na huku ile iliyowafaa ilikuwa rafuni, nyuma ya mgongo wa muuzaji.

Ukilitazama jambo hili kwa makini, uhaba wa dawa ni sehemu ndogo sana ya tatizo. Dawa za kuzuia kulevywa na bahari ni chache, za zamani na za bei nafuu, na angalau mbili kati yake zimezoeleka katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki. Mgeni hukwamishwa na mambo matatu. Anauliza jina la kibiashara ambalo duka la huku halijapata kulisikia. Anauliza akiwa amechelewa, wakati tumbo limekwisha kuchafuka. Tena hafikirii kwamba dawa inayomtosha abiria wa feri huenda isimfae mtu anayeshuka mita 25 chini ya maji. Zanzibar ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili, kwa sababu hapa wageni wa Marekani, Italia, Ujerumani, Uingereza na Afrika Kusini hukutana na rafu zilizojaa dawa za India, kila mmoja na msamiati wake wa famasi.

Masikio, macho na ubongo

Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu iliyojaa majimaji, pamoja na chembe ndogo mfano wa vijiwe zinazohisi mwendo na uzito. Mtu akiinamia mkoba wake ndani ya boti akifunga mtungi, macho yanaujulisha ubongo kwamba vitu vyote vimetulia, ilhali masikio yanaujulisha kwamba kila kitu kinapanda na kushuka. Ubongo ukishindwa kuzipatanisha habari hizo, mwili huanza kutoa jasho, mate hujaa mdomoni, moyo huchafuka, na mwisho ni kutapika. Ushahidi kwamba sikio ndilo chanzo ulikuwapo tangu 1882, pale mwanasaikolojia wa Harvard, William James, alipochunguza viziwi na kukuta kwamba wengi wao hawapatwi na kizunguzungu wakizungushwa, na wale waliopata kusafiri katika bahari chafu karibu hawakulevywa kabisa. Majaribio ya miaka ya 1970 huko Marekani, yaliyotumia chumba cha kupandishwa na kushushwa kwa mitambo, yalionyesha kwamba mwendo mbaya kuliko yote ni ule wa kupanda na kushuka mara moja kila baada ya sekunde 5 hivi. Boti iliyozima injini juu ya mwamba ikiwangoja watu waibuke haiko mbali na mwendo huo. Ndiyo maana wengi huvumilia safari nzima, halafu wakashindwa pale tu boti inaposimama.

Dawa zinazozuia hali hii hufanya kazi ndani ya ubongo, kwa kuzima ama histamini ama asetilikolini, kemikali mbili zinazopeleka habari za sikio hadi sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Kundi la kwanza liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, madaktari Leslie Gay na Paul Carliner walimpa mgonjwa wa mzio dawa mpya ya ngozi, naye akawaeleza kwamba siku alizoimeza hakuchafukwa na moyo ndani ya tramu kama ilivyokuwa desturi yake. Mwaka huohuo waliijaribu kwa wanajeshi waliovuka Atlantiki katika meli ya General Ballou. Dawa hiyo ni dimenhidrineti, inayouzwa Marekani kwa jina la Dramamine.

Kutokana na historia hiyo kuna mambo mawili ambayo mnunuzi anatakiwa kuyashika. La kwanza, ni dawa za mzio za zamani tu zinazosaidia, zile zinazoleta usingizi, kwa sababu ndizo zinazoingia ubongoni. Setirizini na loratadini, ambazo zipo karibu kila duka kwa ajili ya mafua na kuwashwa, zilitengenezwa makusudi zisiingie ubongoni, na kwa sababu hiyohiyo hazimfai mtu wa baharini. La pili, hizi ni dawa za kuzuia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2022 yaliona kwamba dawa za mzio za zamani huwapunguzia dalili watu wazima wanaolevywa kirahisi zikimezwa kabla ya safari, lakini hayakupata ushahidi wa maana kwamba zinamtibu aliyekwisha kuanza kuumwa. Sababu moja ni rahisi kuielewa: tumbo likishachafuka huacha kusukuma chakula mbele, na kidonge kilichomezwa wakati huo hukaa palepale hadi kirudi kilikotoka.

Dawa moja, majina saba

Mgeni anapoingia famasi na kuuliza Xamamina, Vomex, Gravol, Biodramina, Antimo au Dramamine, muuzaji husikia dawa sita tofauti zisizojulikana. Kwa hakika ni dawa moja, dimenhidrineti, kama inavyojulikana kwa Muitaliano, Mjerumani, Mkanada, Mhispania, Mwindonesia na Mmarekani. Wakati mwingine hata jina moja halimaanishi dawa moja. Kule Marekani pakiti ya Dramamine iliyoandikwa kwamba haileti usingizi sana ina meklizini, dawa nyingine kabisa, ileile inayouzwa pia kwa jina la Bonine. Mfilipino huiita Bonamine. Mtu wa Afrika Kusini atauliza Valoid, ambayo ni saiklizini. Mwingereza yeye atauliza Stugeron au Kwells.

Huyo wa Stugeron ndiye mwenye bahati. Dawa iliyomo ni sinarizini, iliyobuniwa na kampuni ya Janssen ya Ubelgiji mwaka 1955. Madaktari wa Afrika Mashariki wamezoea kuiandika kwa ajili ya kizunguzungu, hivyo duka huwa nayo hata kama haliko karibu na bahari, ama kwa jina la Stugeron ama kwa majina ya viwanda vya India. Mmarekani hupita mbele ya boksi lake bila kulitambua, maana sinarizini haijapata kuidhinishwa nchini kwao. Kumwambia kwamba wanamaji wengi wa Ulaya wanaitegemea hakumtoi wasiwasi, na wasiwasi wake hauna ubaya: anaombwa ameze, usiku wa kuamkia mbizi, kitu ambacho daktari wake hajapata kukiandika.

Aliyezoea sinarizini naye asibweteke. Kidonge cha Uingereza kina miligramu 15, na maelekezo ya kule ni kumeza vidonge viwili saa 2 kabla ya kuondoka, kisha kimoja kila baada ya saa 8. Vidonge vinavyouzwa huku aghalabu ni vya miligramu 25, na kuna vya 75. Anayemeza viwili kwa mazoea ya nyumbani anaweza kujikuta amezidisha kipimo mara kadhaa, kisha akashangaa mbona ameshindwa kuamka.

Dawa ya pili isiyokosekana ni promethazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan. Inazuia kutapika vizuri sana, lakini inaleta usingizi mzito ambao unaweza kumfuata mtu hadi asubuhi ya pili. Kwa abiria wa feri ya Dar es Salaam hadi Unguja, usingizi huo ni neema. Kwa mpiga mbizi ni sababu tosha ya kutoteremka.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye haiosini. Nchi zinazofuata utaratibu wa Uingereza huita haiosini kile ambacho Wamarekani hukiita skopolamini. Aina yake inayozuia kulevywa na bahari ni haiosini haidrobromaidi, iliyomo ndani ya Kwells, au haiosini yenyewe, iliyomo ndani ya plasta ya kubandika nyuma ya sikio. Rafu za Tanzania na Kenya, hata hivyo, zimejaa haiosini butilibromaidi, maarufu kwa jina la Buscopan, inayotuliza msokoto wa tumbo. Hiyo ya pili haiingii ubongoni kwa kiasi cha maana, kwa hiyo haizuii bahari kumlevya mtu. Mgeni akiandika neno haiosini kwenye karatasi bila neno la pili, muuzaji atampa alichonacho kwa nia njema, naye atapanda boti akiamini amejikinga. Mtego huohuo upo kwenye metoklopramidi, yaani Plasil, na ondansetroni. Zote mbili ni dawa nzuri za kutapika kunakotokana na maradhi ya tumbo au matibabu ya saratani, na zote mbili hazina nguvu dhidi ya mwendo wa bahari.

Plasta yenyewe, inayopendwa sana na wapiga mbizi wa Marekani, ni adimu huku, na kwao inahitaji cheti cha daktari. Anayeitaka aje nayo.

Kwenye kaunta

Mara nyingi mgeni haendi peke yake. Kijana wa boti au dereva ndiye anayemwongoza, na mazungumzo huwa mafupi.

"Shikamoo dokta. Mgeni wangu huyu anataka dawa ya bahari."

"Marahaba. Anataka ya kujikinga au ameshaanza kutapika?"

Muuzaji aliyeuliza hivyo anaijua kazi yake. Swali linalotakiwa kufuata, na ambalo husahaulika, ni kama mgeni ni abiria au mpiga mbizi. Baada ya hapo yako mengine: ana presha ya macho? Ni mzee mwenye tezi dume inayombana mkojo? Anatumia dawa za usingizi au za msongo wa mawazo? Dawa zote za bahari zinaweza kuyachochea matatizo hayo, haiosini kuliko zote, na kwa wazee inaweza kuleta hata kuchanganyikiwa.

Duka lenyewe nalo lina daraja lake. Tanzania Bara kuna famasi, na kuna maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili vijiji visivyo na mfamasia vipate dawa za msingi kutoka kwa wauzaji waliopewa mafunzo. Orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza ina mipaka. Mpiga mbizi anayekwenda Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995 na ambako mkondo wa mlango wa Kinasi si wa kuchezewa, afanye ununuzi wake Dar es Salaam kabla ya kupanda ndege au feri ya Nyamisati. Zanzibar ina mamlaka yake ya kusimamia dawa, tofauti na ile ya Bara, na maduka yenye akiba kubwa yako Mjini, kuanzia Darajani hadi upande wa Mnazi Mmoja. Vijiji vya ufukweni huwa na maduka madogo yanayotegemea kile watalii walichokiuliza mwezi uliopita. Anayelala usiku wa kwanza Mji Mkongwe na kuinunua dawa huko hujiokolea safari ya saa nzima ya kurudi mjini siku ya pili.

Namna dawa inavyouzwa pia inahitaji jicho. Desturi ya kukata karatasi ya vidonge kwa mkasi na kumpa mteja vinne au sita ndani ya bahasha humpunguzia mwenyeji gharama, lakini mara nyingi kipande kinachobaki hakina jina, kipimo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au haikufikia kiwango. Kwa mtu atakayekuwa chini ya maji saa chache baadaye, bei ya karatasi nzima ndani ya boksi lake, pamoja na maelezo yake, si ghali.

Kuna njia ya mkato ambayo vituo vingi vya mbizi duniani huijua: kopo la vidonge lililo chini ya meza ya mapokezi. Kiongozi wa mbizi humpa mgeni kimoja, bila karatasi wala swali, robo saa kabla ya boti kuondoka. Nia ni njema, lakini kidonge hicho kina makosa matatu kwa pamoja. Kimechelewa, hakijulikani, na kinamezwa kwa mara ya kwanza siku ambayo mtu anahitaji akili yake yote.

Dawa na kina

Chini ya mita 30 hivi, naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huanza kumlevya mpiga mbizi: mawazo yanakwenda polepole, maamuzi yanakuwa mepesi mno. Dawa inayoleta usingizi ikikutana na ulevi huo, athari zao hujumlishana. Utafiti uliofanywa katika chemba ya mgandamizo na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba dimenhidrineti ilipunguza wepesi wa akili wa wapiga mbizi, jambo ambalo kina chenyewe pia hulifanya. Majaribio ya plasta ya skopolamini yamekuwa na matokeo ya afadhali, na ndiyo sababu mojawapo ya plasta kupendwa na wanaokaa wiki nzima katika meli za mbizi: huwekwa saa kadhaa kabla ya safari, aghalabu usiku wake, na hufanya kazi hadi siku 3.

Plasta hiyo ina vituko vyake. Hukausha mdomo, na hewa ya mtungi nayo ni kavu. Hufifisha uwezo wa kuona karibu, jambo la hatari kwa mtu anayetakiwa kusoma kina na hewa iliyobaki kwenye kifaa cha mkononi. Hupunguza jasho katika nchi ya joto. Aliyeigusa kisha akajisugua jicho hupanuka mboni upande mmoja, na daktari asiyejua habari za plasta anaweza kudhani ni jeraha la kichwa au kiputo cha hewa kilichofika ubongoni. Zaidi ya hayo, anayeibandua baada ya siku nyingi anaweza kupatwa na kizunguzungu na kichefuchefu vinavyofanana na ugonjwa aliokuwa akiukimbia.

Kwa upande mwingine, kukataa dawa kwa kuogopa usingizi pia si salama. Mtu aliyetapika mara tano amepoteza maji mwilini, na upungufu wa maji unahesabiwa miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kuumwa na viputo vya naitrojeni baada ya kuibuka. Amechoka, amebaki na haraka ya kuingia majini ili apate nafuu, na mtu mwenye haraka husahau kufungua mtungi. Ni kweli kwamba wengi hupona wakishuka mita chache, kwa kuwa huko mwendo wa mawimbi hupungua, lakini kituo cha usalama cha mita 5 mwishoni mwa mbizi huwarudisha ndani ya mrama uleule. Anayeshikwa huko anapaswa kukishikilia kifaa cha kupumulia mdomoni, atapikie ndani yake, abonyeze kitufe cha kukisafisha, na ikibidi abadili kwenda kifaa cha akiba. Hatari kubwa ni kukitoa mdomoni, maana baada ya kutapika mwili huvuta pumzi bila kungoja ruhusa.

Kati ya hatari hizo mbili, njia ya katikati ni kuijaribu dawa nchi kavu. Mpiga mbizi aimeze nyumbani kwao siku ya mapumziko, kipimo kilekile, atazame inamfanyaje. Aliyelazimika kuinunua ugenini ainunue siku ya kwanza, aijaribu jioni hiyo bila pombe, na mbizi ya kwanza aipange isiwe ya kina kirefu.

Wakati bahari haina kosa

Si kila kichefuchefu cha botini ni cha bahari. Wageni wengi wa pwani yetu wanameza dawa za kuzuia malaria, na doksisiklini au Malarone zikimezwa tumbo tupu huchafua moyo hata kwa mtu aliyekaa kibarazani. Meflokwini, inayojulikana kwa jina la Lariam, ni mbaya zaidi kwa kazi hii: inaweza kuleta kizunguzungu na kupoteza mizani, dalili zinazofanana na zile za ajali ya mbizi, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa. Mpiga mbizi anayekuja Afrika Mashariki anapaswa kuomba dawa nyingine ya malaria tangu kwao. Hakuna kidonge cha bahari kitakachoondoa kizunguzungu kilicholetwa na kidonge kingine.

Saa ya dalili ndiyo inayotoa jibu muhimu kuliko yote. Aliyekuwa mzima wakati wa kwenda, akapiga mbizi, kisha dakika chache au saa chache baada ya kuibuka akaanza kuona dunia inazunguka na kutapika, asipewe kidonge na kuambiwa alale. Inawezekana sikio lake la ndani limeumizwa na mgandamizo, au limeingiwa na viputo vya naitrojeni. Likiwa ni la viputo, anahitaji oksijeni na chemba ya mgandamizo, na kila saa inayopotea humpunguzia nafasi ya kupona sawasawa. Mtandao wa Divers Alert Network, ulioanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1980 na wenye tawi Kusini mwa Afrika, upo kwa ajili ya ushauri wa namna hii. Kabla ya kulipia, mgeni akiulize kituo: chemba iliyo karibu iko wapi, na wiki hii inafanya kazi?

Mipaka na mikoba

Ushauri wa kubeba dawa kutoka nyumbani ni mzuri, lakini una mwiba wake. Watalii wengi huunganisha Zanzibar na mbuga za bara au na maporomoko ya Victoria upande wa Zambia. Serikali ya Marekani imewaonya raia wake kwamba Zambia imewahi kuwashikilia wasafiri waliokutwa na difenhidramini, dawa ya mzio inayouzwa bila cheti nchini kwao. Dimenhidrineti imetengenezwa kwa difenhidramini hiyohiyo. Anayepita huko aulize ubalozi kwanza, na popote aendapo dawa zikae ndani ya boksi zilimonunuliwa, pamoja na cheti kama kipo. Vidonge vilivyochanganywa ndani ya kichupa kimoja ili kuokoa nafasi ndivyo vinavyowapa kazi maofisa wa forodha.

Yasiyohitaji duka

Mbinu nyingine hupunguza mahitaji ya dawa bila kuiondoa. Vifaa vifungwe kabla ya boti kutoka, ili mtu asiiname bahari ikichafuka. Akae katikati ya chombo kuelekea tezi, mbali na moshi, macho kwenye upeo wa bahari. Ale kidogo, asikae na njaa. Tangawizi ina ushahidi wa kiasi: katika jaribio la 1988, wanafunzi 80 wa jeshi la wanamaji la Denmark walipelekwa katika bahari chafu, na waliopewa gramu moja ya tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao. Faida yake ni kwamba haileti usingizi na hapa kwetu haikosekani sokoni. Anayeshindwa kabisa atapikie upande wa demani, unakoelekea upepo, kwa heshima ya waliokaa goshini.

Nani afanye nini

Mzigo wa kwanza ni wa msafiri mwenyewe, nao ni mwepesi: aandike jina la kitaalamu la dawa anayoitumia, maneno yote, pamoja na kipimo, karatasi moja ndani ya pasipoti. Karatasi hiyo inafanya kazi Nungwi, Bali, Cozumel na Sharm el Sheikh sawasawa.

Mzigo wa wauza dawa wa pwani ni kuzijua sura za wateja wao. Duka lililo karibu na vituo vya mbizi likiwa na orodha ya majina kumi ya kigeni ukutani, kila moja na dawa inayolingana nayo huku, litauza zaidi na litakosea kidogo. Kuuliza kama mteja anapiga mbizi kusiwe jambo la hiari.

Vituo vya mbizi ndivyo vyenye nafasi kubwa kuliko wote, kwa sababu vinawasiliana na mgeni wiki kadhaa kabla hajafika. Ujumbe wa kuthibitisha nafasi unaoeleza rangi ya boti na saa ya kuondoka unaweza pia kueleza hali ya bahari ya mwezi huo, dawa zinazopatikana mjini, na kwamba boti ikiondoka saa 2 na nusu asubuhi kidonge kinamezwa saa 12 na nusu. Mistari mitatu hiyo ingeliondoa lile kopo chini ya meza.

Linabaki suala la fedha, ambalo huzungumzwa kwa nadra. Vituo vingi havirudishi malipo ya mtu aliyeghairi asubuhi ya safari, na mtu aliyekwisha kulipia mbizi mbili atameza chochote anachopewa ili asizipoteze. Kanuni hiyo inampa abiria aliyelewa dawa au aliyelewa bahari sababu ya kuuficha ukweli wake mbele ya mwalimu anayetakiwa kumlinda. Kituo kinachokubali kumhamishia mgeni mbizi zake hadi siku nyingine, bila faini wala maneno, hupoteza kiti kimoja siku hiyo, lakini mwalimu wake humpata mgeni anayejibu kweli anapoulizwa amemeza nini na anajisikiaje. Bila jibu hilo, hata dawa iliyochaguliwa vizuri kuliko zote haimsaidii mwalimu kuamua nani ashuke na nani abaki juu.